Nimeitwa usaili mara nne na sijapata kazi: niseme nini safari hii?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 27, naishi Pasua, Moshi. Nilimaliza shahada ya biashara mwaka 2021 kwa mkopo wa bodi. Nikapata kazi kwenye ofisi moja ndogo inayopandisha wageni mlimani, nikakaa miaka miwili, nikaacha baada ya kufanya kazi miezi mitatu bila mshahara. Tangu hapo nauza mitumba Kiborloni. Nimeitwa usaili mara nne, zote nimekosa. Alhamisi ijayo nimeitwa Arusha kwenye kampuni ya utalii, nafasi ya ofisa buking, saa tatu asubuhi. Wakisema "tuambie kuhusu wewe" nakwama. Wakiuliza kwa nini niliacha kazi nakwama zaidi. Mshahara ndiyo kabisa, sijui nitaje ngapi. Naomba unisaidie: niseme nini, na nisiseme nini?

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole kwa miezi mitatu ile, nitaifikia. Kwanza nikutoe hofu moja: mtu anayeitwa usaili mara nne karatasi zake ziko sawa. Wanaoangushwa na karatasi hawaitwi kabisa. Kwa hiyo acha kuhangaika na kupamba wasifu wako, tuhangaike na zile dakika 30 au 40 za ndani ya chumba.

Nimekaa upande wa wanaouliza kwa miaka 17 hapa Arusha, nikianzia hotelini, baadaye kampuni za utalii. Wengi niliowaona wakikosa nafasi walikuwa wanaijua kazi. Kilichowashinda ni kuisema. Na wanaoshindwa zaidi ni vijana waliolelewa vizuri kama ninavyokuona wewe, maana tumefundishwa kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nyumbani mtoto akijisifu anaambiwa ana majivuno. Ukimsifu mtu kwa kazi yake anakujibu "kawaida tu," au "ni Mungu tu." Hata mimi najibu hivyo. Lakini mbele ya watu watatu ambao hawajawahi kukuona, na ambao baada yako wana wengine sita wa kuwasikiliza, hiyo "kawaida tu" inaandikwa kwenye fomu hivyo hivyo ulivyoitamka.

Wewe unauza nguo, kwa hiyo nikueleze kwa lugha ya kibandani. Shati la grade ya kwanza likibaki chini ya rundo, nani atalinunua? Unalichomoa, unalikung'uta, unalitundika kwenye hanga pale mbele, mpita njia anaona kola haijachakaa na vifungo vyote vipo. Hujalidanganyia chochote lile shati. Umelitundika pale linapoonekana. Ndicho nitakachokuomba ufanye Alhamisi na ile miaka yako miwili ya ofisini, na hata na hiyo Kiborloni unayoionea haya.

Tuanze na "tuambie kuhusu wewe," kwa sababu ndipo wengi wanapopotelea. Najua unachosema, maana nimekisikia mara nyingi mno: jina langu fulani, nimezaliwa Moshi, ni mtoto wa tatu kati ya watano, shule ya msingi nilisoma hapa, sekondari pale, ni mchapakazi, mwaminifu, najituma, naweza kufanya kazi kwenye presha. Hebu jiweke mahali petu. Jina na shule tunazisoma kwenye karatasi iliyo mbele yetu. Na uchapakazi na uaminifu tumetangaziwa na kila aliyeingia tangu asubuhi. Baada ya dakika tatu hatujapata kitu cha kukukumbukia.

Swali lile halitaki historia ya maisha. Linataka kujua umewahi kufanya nini kinachofanana na kazi tuliyonayo. Sema kitu cha namna hii, kwa maneno yako: "Nimefanya kazi miaka miwili kwenye ofisi ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Kazi yangu ilikuwa kujibu barua pepe za wageni, kupanga tarehe na njia, kufuatilia malipo, na kuhakikisha ada za hifadhi zimelipwa kabla kundi halijafika getini. Msimu wa wageni, kuanzia Juni hadi Oktoba, nilikuwa nashika makundi kadhaa kwa wakati mmoja. Sasa hivi nina biashara yangu ndogo ya nguo. Nimeomba nafasi hii kwa sababu kazi ya buking ndiyo niliyoizoea, na nataka kuifanya kwa safari za mbugani pia." Inaishia hapo. Haifiki hata dakika mbili. Pale niliposema "makundi kadhaa" weka idadi yako ya kweli. Ikiwa ni manne sema manne, usiseme kumi, maana mwenzangu mmoja atakuuliza uliyafuatiliaje yote kumi, na hapo jasho litakutoka.

Kuna neno moja dogo linalowaponza watu wetu: "tu-". Tulipanga, tulijibu, tulisuluhisha. Kwenye maisha ni neno zuri, linaonyesha hujitengi na wenzako. Ndani ya chumba kile linakufuta. Nikikuuliza "ulifanya nini mgeni alipokosa mzigo wake uwanja wa ndege wa KIA," ukajibu "tuliwapigia shirika la ndege, tukamtafutia nguo za kukodi," sijui kama wewe ndiye uliyeshika simu au ulikuwa umesimama mlangoni ukiangalia. Wape wenzako haki yao kwa sentensi moja, kisha sema "mimi nilichofanya ni hiki."

Sasa Kiborloni. Umeniandikia kama mtu anayekiri kosa, na nina wasiwasi ndivyo unavyolisema hata mbele ya paneli: "kwa sasa niko niko tu, nauza mitumba." Acha kabisa hiyo "niko niko tu." Mtu anayenunua belo bila kuona kilichomo ndani, akalifungua alfajiri, akapanga grade kabla wateja hawajafika, akajua bei ya chini kabisa anayoweza kukubali bila kula mtaji, huyo anafanya hesabu kila siku. Ukiongeza kwamba unachukua mali kauli na kuirejesha kwa siku mliyokubaliana, unakuwa umenieleza uaminifu wako vizuri kuliko ukitumia neno lenyewe. Na kama una wateja unaowatumia picha za nguo kwa WhatsApp na wanalipa kabla hawajaziona, sema. Kazi ya buking ni hiyo hiyo: mtu yuko mbali, hajaiona bidhaa, anatuma fedha kwa sababu majibu yako yamemtia imani. Niliwahi kumpa alama za juu binti aliyekuwa akiuza ndizi kwa jumla, kwa sababu alitueleza jinsi anavyopanga mzigo wa kuanza kuiva leo, kesho na keshokutwa ili usimharibikie. Wenye shahada mbili siku hiyo hatukuwakumbuka.

Nije kwenye lile linalokuuma. Kwa nini uliacha kazi?

Nitakusimulia jambo nililoliona kwa macho yangu. Kijana mmoja, dereva mzuri sana, karatasi zake safi, tulimuuliza swali hilo hilo. Alikuwa amedhulumiwa kweli, sina shaka mpaka leo. Alianza taratibu, "kulikuwa na changamoto kidogo," kisha akaanza kutaja: bosi alisema hivi, mke wa bosi alikuja ofisini akasema vile, mhasibu akaficha risiti. Sauti ikapanda. Mikono ikawa inagonga meza, glasi ya maji ikatikisika, na aliyekaa pembeni yangu akaisogeza. Alizungumza karibu dakika nane. Alipomaliza alikuwa na machozi ya hasira, na sisi tulikuwa kimya. Tulipokaa kujadili, hakuna aliyesema kijana ni mwongo. Mmoja alisema, "Siku mgeni akimtukana njiani, itakuwaje?" Ikaishia hapo, akakosa kazi aliyoistahili. Niliumia, na ndiyo sababu nalieleza kwa kirefu.

Usiwaambie uongo pia. Usiseme "niliacha kutafuta changamoto mpya." Watu wa utalii wa Moshi na Arusha wanafahamiana; wanakutana getini, wanakutana kanisani na msikitini, wako kwenye kikoba kimoja. Simu moja tu ikipigwa, ukweli uko mezani. Sema hivi, ikiwa ndivyo ilivyokuwa: "Ofisi ilipata tatizo la fedha, mishahara ikasimama miezi mitatu. Niliandika barua ya kuacha kazi, nikakabidhi faili za wageni waliokuwa wamelipia ili safari zao zisivurugike. Nilijifunza mengi pale, hasa kupanga safari za mlimani." Sentensi tatu, kisha unafunga mdomo. Hapo ndipo penye mtihani, maana kimya kitaingia na utatamani kukijaza. Kiache. Wakitaka zaidi watauliza, na ukiulizwa jibu kwa ufupi ule ule. Usimtaje bosi wako wa zamani kwa jina. Hiyo habari ya kukabidhi faili, kama kweli ulikabidhi, itawafanya wakuamini kuliko malalamiko yoyote.

Na dai lako la mishahara lina mahali pake pa kusemewa, napo ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Dai la aina yako hupelekwa ndani ya siku 60. Zimeshapita, lakini sheria inaruhusu mtu kuomba kusikilizwa nje ya muda akiwa na sababu za msingi. Nenda kaulize, fedha ni jasho lako. Lakini usiende nalo kwenye usaili.

Kwenye nafasi ya buking lazima watakupa swali la kazi yenyewe, na hapo kuna maneno mawili ambayo ningependa uyaache nyumbani: "hakuna shida." Sisi tunayapenda mno. Nimewahi kukaa kwenye paneli iliyouliza hivi: mgeni ameandika kwamba anakuja wiki ya pili ya Februari na anataka kuona nyumbu wakivuka mto Mara, utamjibu nini? Wa kwanza akajibu kwa tabasamu kubwa, "Hakuna shida, nitampangia." Wa pili vivyo hivyo. Wa tatu alitulia kidogo, akasema: "Ningemwambia kwamba Februari nyumbu wako kusini, upande wa Ndutu, wanazaa. Mto Mara uko kaskazini na wanaanza kuvuka kama Julai, mpaka Septemba au Oktoba. Kama anaweza kusogeza tarehe, tusogeze. Kama hawezi, nitampanga Ndutu akaone ndama wakizaliwa na simba wakiwawinda, na nitamweleza mapema asije na matumaini mengine." Huyo wa tatu ndiye aliyepata. Kiingereza chake kilikuwa cha kawaida na koti lake lilikuwa la kuazima, mabega yalikuwa yamepita. Lakini wawili wa kwanza wangemrusha mgeni kwa ndege ndogo mpaka Kogatende, kando ya mto Mara, kwenda kutazama mto mtupu, kisha kampuni ingerudisha fedha.

Wewe mlima unaujua, basi itumie nguvu hiyo. Wakikuuliza kuhusu mgeni anayetaka kupanda kwa njia ya Marangu kwa siku tano, usiseme tu inawezekana. Sema inawezekana, ila kilele cha Kibo ni mita 5,895 na mwili unahitaji muda, kwa hiyo ungemshauri siku sita ili apate siku ya kuzoea hewa pale Horombo, mita 3,720. Hapo utakuwa umemlinda mgeni na umeuza siku moja zaidi kwa wakati mmoja. Za mbugani zikikushinda, na zipo zitakazokushinda, sema wazi: "Hilo silijui kwa uhakika. Nisingemjibu mgeni kabla sijamuuliza mkuu wa madereva." Jibu hilo lina heshima kubwa kuliko unavyodhani. Ofisa buking anayekisia ni hasara inayotembea. Halafu tumia hizi siku zilizobaki kujifunza: Tarangire inajaa tembo miezi gani, kutoka Arusha mpaka lango la Ngorongoro ni mwendo wa saa ngapi, kampuni yenyewe inauza safari gani kwenye tovuti yao. Ukiulizwa "unajua nini kuhusu sisi" usijibu kwamba ni kampuni kubwa na nzuri. Taja safari yao moja na useme ni kitu gani kilichokuvutia ndani yake.

Lugha. Sehemu ya mahojiano itakuwa kwa Kiingereza, kwa sababu wageni wanaandika kwa Kiingereza. Usianze kwa kuomba msamaha kwamba Kiingereza chako si kizuri. Ukishasema hivyo, wote mezani tunaanza kuhesabu makosa ambayo tusingeyaona. Tumia sentensi fupi. Swali usipolisikia vizuri, omba lirudiwe, hakuna aibu. Aibu ni kujibu swali ambalo halikuulizwa, na nimeona watu wakifanya hivyo kwa ujasiri wa kutisha. Na usikariri majibu ya mtandaoni neno kwa neno, yanajulikana kwa sauti tu: mtu anakuwa kama anasali rozari.

Lile swali la udhaifu wako lisikunyime usingizi. Wote hujibu kwamba wanafanya kazi kupita kiasi, na hakuna anayewaamini. Chagua jambo dogo la kweli na useme unalitibu vipi. Kama huwa unasahau maelekezo ya mdomo, sema unatembea na daftari, na siku hiyo uwe nalo.

Mshahara sasa. Maneno ya kuepuka ni "chochote mtakachonipa." Najua kwa nini unayasema: unahofia ukitaja namba utaonekana una tamaa. Kinachotokea ni kwamba tunaona mtu asiyejua thamani ya kazi anayoiomba, na kampuni isiyo na huruma itakupa hicho chochote kweli. Kabla ya Alhamisi, waulize watu wawili watatu wanaofanya buking Arusha wanalipwaje. Usimuulize mmoja tu, maana wengine huongeza chumvi. Halafu piga hesabu ya makato, hapa ndipo vijana wengi huumia mwezi wa kwanza. Tuseme umekubaliana 700,000. NSSF inakata asilimia 10, yaani 70,000. Kodi inapigwa kwenye 630,000 iliyobaki. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haikatwi, na kwa kiasi chako kodi ni 42,000. Bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara wa msingi, 105,000. Mkononi inaingia 483,000. Na sasa unahama Moshi, kwa hiyo kuna kodi ya chumba na nauli ya kila siku. Ukiulizwa, jibu: "Kwa nilivyoulizia na kwa uzoefu wangu wa miaka miwili, natarajia kati ya hapa na hapa, kabla ya makato. Niko tayari kuzungumza nikijua na mengine yaliyomo kwenye mkataba." Namba ya chini iwe ile ambayo kweli unaweza kuishi nayo, kwa sababu mara nyingi ndiyo utakayopewa. Ila wewe usianze kuuliza habari za mshahara. Subiri waulize wao, au wakupe nafasi mwishoni.

Na hapo kwenye mshahara ndipo binti mwenye adabu hujikuta anasema, "Mama naomba mnisaidie, nina wadogo nawasomesha, hali ni ngumu." Mwanangu, usiseme. Nimeshawahi kutoka kwenye chumba kile nikafuta machozi chooni, na bado nikampa nafasi mwingine, kwa kuwa niliulizwa nani atafanya kazi. Shida zako ni za kweli na sizidharau, lakini hazina kisanduku kwenye fomu. Kundi moja na hilo ni kusema "kazi yoyote nitafanya, hata usafi." Umeomba buking, zungumzia buking.

Kuna maswali ambayo wao hawapaswi kukuuliza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila, dini, jinsia, ujauzito, ndoa, majukumu ya familia, ulemavu na mengine kadhaa, na inamhesabu mwombaji wa kazi pia kuwa mfanyakazi katika hilo. Hata hivyo utaulizwa, "Umeolewa? Unatarajia kuzaa lini?" Ukikasirika utakuwa na haki, lakini nakushauri ujibu kile wanachokiogopa na si kile walichokiuliza: "Kama wasiwasi ni uwepo wangu kazini msimu wa wageni, kwenye kazi yangu ya kwanza nilimaliza misimu miwili bila kukosekana." Kwa sauti ya upole, unawatazama. Wakiendelea kung'ang'ania, jua wanakuonyesha mapema utakavyoishi pale.

La kabila ni tofauti kidogo kwa huku kwetu. Mzee akikuuliza unapoingia, "wewe wa wapi, Machame au Rombo?" mara nyingi ni salamu tu ya Kilimanjaro. Mjibu kwa neno moja na tabasamu, basi. Wewe usilitumie. Usimwambie mtu wa paneli kwamba ni mtu wa kwenu, na usitaje kwamba mjomba wako anamfahamu mkurugenzi. Hata anayekupendelea atalazimika kukukwepa.

Kisha kuna jambo ambalo silizungumzi kwa upole. Mtu yeyote, wa paneli au wa nje, akikuomba fedha ili jina lako lipite, au akikuambia mkutane jioni mahali fulani "mmalizie mazungumzo," huo si usaili. Ni rushwa, na hiyo ya pili ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya sheria ya rushwa ya 2007. Namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure. Tunza ujumbe aliokutumia, usifute. Na usijilaumu kwamba pengine ulivaa vibaya au ulicheka sana.

Mambo ya njiani nayapitia haraka. Moshi mpaka Arusha ni kilomita 80 hivi, lakini unajua Coaster zinavyosimama Boma na Usa River, na likiwa gulio pale Tengeru foleni haina huruma. Kwa usaili wa saa tatu, saa kumi na mbili asubuhi uwe umeshaondoka, au lala kwa ndugu Arusha. Ukiona unachelewa, piga simu kabla ya saa tatu, sentensi moja: niko mahali fulani, nitafika saa fulani. Ukifika usianze kusimulia habari za trafiki. Salimia wote kwa "habari za asubuhi," na kama kuna mtu mzima wa wazi mpe shikamoo yake. Mhudumu wa mapokezi pia, maana huwa tunamuuliza baadaye ulimwongeleshaje.

Mwishoni watakuuliza kama una swali. Usiseme "sina." Uliza hili: "Aprili na Mei, wageni wanapopungua kwa masika, nafasi hii inakuwaje?" Wapo waajiri wanaowapa watu likizo isiyo na malipo miezi hiyo, na ni afadhali ulijue ukiwa bado umekaa kwenye kiti kile. Uliza pia muda wa majaribio ni miezi mingapi, na nani atakuwa anakufundisha mifumo yao. Hayo matatu yanatosha.

Halafu watauliza unaweza kuanza lini. Utasikia hamu ya kusema "hata kesho," kila mtu husema hivyo. Wewe una belo uliyoifungua na mali kauli ya watu kibandani. Waambie wiki mbili, na uwaambie sababu: unamaliza kuuza kilichopo na kurudisha cha wenyewe. Wakisema wiki mbili ni nyingi, waombe siku kumi.